Magari Matano kwa Jina la Kosaku

Jumatatu, Juni 2, 1975

Leo natimiza siku ishirini na mbili za kuwa mke wa mtu. Nimenunua daftari hili kwa ajili hiyo tu, na ukurasa wa kwanza nimeujaza jina langu jipya, Nosaka Chizuru, mara saba, kwa sababu kila nikiliandika moyo unanienda mbio.

Mume wangu anaitwa Kosaku. Ana miaka ishirini na sita, mabega mapana, na vidole vinavyonuka mafuta ya mashine hata akivisugua kwa sabuni mpaka viwe vyekundu. Mimi harufu hiyo naipenda kuliko marashi. Anafunga injini kwenye Kampuni, kipande kwa kipande. Hapa Hiroshima ukisema Kampuni, hakuna anayekuuliza ipi. Babu yake alifanya kazi humo walipokuwa wakitengeneza vizibo vya chupa, baba yake walipokuwa wakitengeneza magari ya mizigo ya matairi matatu, na sasa yeye yuko kwenye ile injini ambayo dunia nzima ilitushangilia kwayo. Haipigi juu na chini kama injini za wengine. Ndani yake kuna kipande cha pembe tatu, kimevimba mbavu, kinazunguka. Kina umbo la tonge la wali, na kiwandani wanakiita hivyo hivyo, tonge. Kila asubuhi nikimfinyangia chakula cha mchana namwambia, "Na mimi nafunga injini." Anacheka kwa pua. Kosaku ni mtu wa kucheka kwa pua.

Fungate letu lilikuwa siku mbili, ndani ya gari la Kampuni la kukodi, dogo, jekundu, milango miwili. Ni gari la watu wa mshahara mdogo wanaotaka kufurahi. Tulifuata bahari mpaka Onomichi, madirisha wazi, nywele zangu zikawa kama kiota. Injini ilivuma kama nyuki walevi. Kosaku, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno kumi, akasema, "Hiyo inayovuma nimeifunga mimi." Nikalia kwa furaha. Akadhani nimeumwa tumbo, akasimamisha gari.

Naandika haya ili niyasome nikiwa mzee.

Jumatano, Juni 4

Sikudhani ukurasa wa pili ungekuwa huu.

Tangu mafuta yapande bei mwaka juzi, watu wamekuwa wakisema injini yetu ni mlevi. Magari hayauziki. Ukipanda daraja la mtoni unayaona uwanjani, yamejipanga safu kwa safu mpaka ukingoni mwa bahari, mapya, hayana namba. Nilikuwa nikiyatazama na kuyaona mazuri. Leo yamenitisha.

Msimamizi wa Kosaku, Bwana Hamaoka, alikuja mwenyewe nyumbani na karatasi. Kwa kuwa hakuna haja ya kufunga injini nyingi, Kampuni inawatuma wafunga injini mikoani kuuza magari, nyumba kwa nyumba. Kosaku kapangiwa Akita, kaskazini kabisa, kwenye mashamba ya mpunga na theluji. Karatasi inasema miezi miwili, "na baada ya hapo Kampuni itaangalia kila mmoja anafaa wapi."

Mama mkwe aliweka chini bakuli lake la chai.

"Kosaku auze? Huyu hakuweza kuniambia hata kwamba amepata mchumba. Niliambiwa na muuza tofu."

"Mama," Kosaku akasema.

"Si uongo. Muuza tofu alinipa pole na hongera kwa pamoja, nikabaki nimeduwaa mlangoni na sufuria."

Bwana Hamaoka alicheka, kisha akaacha ghafla, akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Mtu mzima, mwenye mvi. Nikajua basi hakuna la kujadili.

Siwezi kumfuata. Mama mkwe kila wiki mbili huenda hospitali kupimwa damu, kwa sababu ya bomu, na macho yake yamefifia. Kosaku ni mwanawe wa pekee. Nilipoolewa nilijua nitaishi naye, na nilikubali kwa furaha. Sikujua tu kwamba tutakuwa sisi wawili peke yetu.

Jumapili, Juni 8

Ameondoka. Stesheni kulikuwa na bendera na wimbo wa Kampuni, na wanaume arobaini, wote kwenye suti mpya, wote wameshika mikoba kama watu walioshikishwa watoto wa wenzao. Iwao, jirani yetu, naye kaenda Akita. Mkewe Setsuyo aligundua kwamba mkono wa suti bado una kikaratasi cha dukani, akaking'oa kwa meno mbele ya watu wote.

"Angalau wangejua suti ni mpya kama gari," Iwao akasema.

Kosaku aliniambia, "Mtunze Mama." Treni ya kasi, ile iliyofika mjini kwetu Machi mwaka huu tukaishangilia kwa bendera, ilimchukua kabla sijamaliza kupunga mkono. Kasi nayo ni jambo baya wakati mwingine.

Jumanne, Juni 10

Mvua za plamu zimeanza, zile za mwezi mzima zinazokuja plamu zikiiva.

Jumatano, Juni 11

Mvua.

Ijumaa, Juni 13

Mama mkwe kanifundisha kutia plamu chumvi. Kasema mikono yangu ina haraka, plamu zinahisi. Sina hakika kama ananipenda. Hunisahihisha hata ninavyofunga mlango.

Jumatatu, Juni 16

Barua! Niliibusu bahasha mbele ya tarishi, akajifanya kutazama baiskeli yake.

Barua zote namsomea Mama kwa sauti, kwa sababu ya macho yake, kwa hiyo Kosaku anatuandikia wawili. Naiweka hapa yote, kwa kuwa ni fupi: "Mama, Chizuru. Mimi mzima. Huku kuna vyura wengi sana. Wakulima wako mashambani, narudi bwenini na matope. Mzee mmoja aliniuliza injini inakunywa kiasi gani, nikamwambia. Alinishukuru, akanipa figili za kuchacha. Sijauza gari. Kosaku."

"Mjinga," Mama akasema. "Kama baba yake. Isome tena."

Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nikaongeza mwishoni, kwa kujifanya, "Nawakumbuka." Mama akasema, "Hilo hakuandika," akaenda kugeuza plamu.

Jumamosi, Juni 21

Kwenye duka la wafanyakazi wamebandika orodha ya wote waliotumwa mikoani, na mbele ya kila jina idadi ya magari aliyouza. Iwao: mawili. Nosaka Kosaku: sifuri.

Nilisimama pale na kikapu cha vitunguu. Nilitaka kulifunika jina lake kwa kiganja.

Setsuyo alinishika mkono. "Usijali dada, mapema bado." Kisha, tulipokuwa njiani chini ya miavuli: "Ila wanasema, sijui kama kweli, wenye sifuri mwisho wa Julai wataitwa mmoja mmoja waombwe waandike barua za kuacha kazi. Kwa heshima. Ndiyo maana ya 'kuangalia anafaa wapi.'"

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

Nilimtazama kwa jicho jipya. Nilikuwa nikimwona rafiki, leo niliona alivyofurahia yale mawili ya mumewe, akijaribu kuyaficha usoni kama mtu anayeficha pipi shavuni.

Jumatano, Juni 25

Mvua. Viatu vya Kosaku vimeota ukungu kabatini. Nimevipangusa, nikavivaa kidogo.

Ijumaa, Juni 27

Barua. "Mimi mzima. Bado sifuri. Msihangaike na hesabu yangu. Tulieni tu. Nadhani nitarudi mwezi wa nane. Chizuru, kula vizuri."

Anatufariji! Anaangamia peke yake kwenye matope, na anatuambia tutulie! Niliposoma jina langu sauti ilikatika. Nimeolewa na mtu ambaye hata akizama atasema maji ni ya vuguvugu.

Jumatatu, Juni 30

Leo kumetokea jambo ambalo lazima niliandike taratibu.

Nilimpeleka Mama hospitali, na tukirudi tulipitia duka la wafanyakazi kununua shayiri ya chai. Mwanamke mmoja, sijui mke wa nani, alisoma ile orodha kwa sauti, jina kwa jina, kama anayesoma wafu. Alipofika "Nosaka, sifuri," Mama alikuwa nyuma yake. Mama hakuweza kuisoma orodha, lakini masikio yake hayana shida.

Tukarudi nyumbani. Alikaa mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani ya marehemu baba mkwe, hakuwasha ubani. Kisha akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia.

Mwaka ule wa bomu alikuwa na miaka ishirini na minne. Kampuni ilikuwa nyuma ya kilima, kilima kikaikinga, ikabaki imesimama wakati mji wote umelala chini. Siku ya pili alikuwa ameketi kando ya barabara, hawezi kutembea, amekwisha kuacha kuita. Likaja gari la Kampuni la matairi matatu. Dereva akashuka, akamwinua, akamweka nyuma juu ya magunia, akampeleka kwa mama yake, kule Kabe. Njia nzima aliimba vibaya ili asilale. Yule dereva ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe.

"Kabla mwaka haujaisha wakaanza tena kutengeneza yale magari," Mama akasema. "Kila ubao uliojenga mji huu ulibebwa na Kampuni. Na mimi nilibebwa. Na sasa Kampuni inakufa kwa kukosa wateja, na mwanangu ni sifuri."

Nilitaka kumkumbatia lakini mkononi bado nilikuwa na shayiri. Nilimdhania mwanamke mgumu. Kumbe ni mtu aliyewahi kuacha kuita, akaokotwa.

Sitakubali Kosaku aitwe na kuombwa barua ya kuacha kazi. Ataishi vipi na huyu mama akiwa amefukuzwa na Kampuni iliyombeba? Atakufa kwa kunyamaza, namjua. Lazima arudi kwenye injini zake, na arudi kichwa juu.

Jumanne, Julai 1

Nimepata njia! Dukani kuna kadi za manjano. Ndugu wa mfanyakazi akimleta mteja, kadi inajazwa, inapigwa muhuri wa mfanyakazi, na gari linahesabiwa kwake hata akiwa mbali. Mwisho wa kuzipokea ni Julai kumi.

Muhuri wa Kosaku, wenye jina lake na unaosimama badala ya saini, uko kwenye droo chini ya madhabahu. Mimi ndiye ninayeutunza, kama kila mke mtaani hapa. Ndio ninaopigia vifurushi vya posta na karatasi za mtaa. Mume akisafiri, muhuri haubaki yatima. Nimechukua kadi tano. Kwa nini tano sijui. Nilinyoosha mkono, zikaja tano.

Jumatano, Julai 2

Nimekwenda kwa baba yangu, kule mjini Takehara. Baba hutengeneza mikeka minene ya sakafuni. Nilimkuta anashona, mdomo umejaa nyuzi.

"Baba, nunua gari."

"Nina pikapu."

"Pikapu haichekeshi."

"Mikeka nayo haichekeshi, na ndiyo iliyokupeleka shule."

Nikamsimulia. Onomichi, bahari, madirisha wazi, jinsi injini inavyovuma, jinsi unavyojisikia kuwa una miaka kumi na sita na hakuna anayekudai kitu. Nilisimulia mpaka mama yangu akaacha kazi jikoni akaja kukaa. Baba akatoa nyuzi mdomoni.

"Linakunywaje mafuta?"

"Si sana," nikasema.

Sijui kama nilisema uongo. Kwa kweli sijui linakunywa kiasi gani. Kosaku anajua, lakini hakuwepo.

Baba akatazama mikono yake. "Haya. Mpigie muhuri huyo mumeo. Lakini rangi isiwe nyekundu, nitachekwa."

Moja!

Ijumaa, Julai 4

Mwalimu wangu wa ushonaji, Bibi Ogino, ambaye hajaolewa na ana miaka hamsini. Nilipofika kwenye habari ya nywele kuwa kiota, aliweka sindano chini, akaomba jekundu. Mbili.

Jumapili, Julai 6

Daktari wa meno. Ilibidi nikubali kwanza kung'olewa jino. Tatu, na shavu limevimba.

Jumanne, Julai 8

Muuza samaki wa sokoni na shemeji yake, kwa mpigo mmoja, baada ya kubishana nani ataliendesha vizuri zaidi. Nne na tano!! Sikujua kwamba nina kipaji hiki. Nikifungua mdomo kusema juu ya siku ile na Kosaku, watu wanataka kununua. Ninauza mapenzi yangu, nayo hayapungui!

Nimezipiga muhuri kadi zote tano mbele ya madhabahu. Mama aliuliza nafanya nini. Nikamwambia. Alinyoosha mkono, akazipapasa kadi moja moja, akahesabu kwa vidole.

"Mikono yako ina haraka," akasema. Kisha akashika kichwa changu kwa mikono miwili, kama mtu anayepima tikiti, akakaa hivyo.

Alhamisi, Julai 10

Nimezipeleka. Mvua kubwa. Nilizifunga kwenye kitambaa cha mafuta, nikalowa mimi.

Ijumaa, Julai 11

Mwenye duka la tumbaku alikuja mbio: simu kutoka Akita. Nilikimbia bila mwavuli. Sauti yake! Siku thelathini na tatu sijaisikia!

"Chizuru. Wameniita mbele leo. Wanasema nimeuza magari. Umepeleka kadi?"

"Ndiyo!"

"Ngapi?"

"Tano! Tano, Kosaku!"

Niliisikia mvua ya huku na mvua ya kule.

"Zinaweza kurudishwa?"

"Zirudishwe kwa nini? Baba ameshachagua rangi! Mama amefurahi, Kosaku, ungemwona, amekula bakuli mbili."

Kisha akasema, "Umehangaika sana. Asante." Mwishoni sauti yake ilikatika. Mpenzi wangu alikuwa analia kwa furaha. Niliirudisha simu kwa mikono miwili kama kitu kitakatifu.

Jumamosi, Julai 12

Orodha mpya. Nosaka Kosaku: matano. Wameweka ua la karatasi nyekundu juu ya jina lake. Iwao amefika matatu. Setsuyo kanipongeza kwa midomo.

Jumatano, Julai 16

Hakuna barua.

Ijumaa, Julai 18

Gazeti la Kampuni limetoa jina lake. Mama kalikata kwa mkasi, akaliweka kwenye madhabahu, akawasha ubani, akamwambia baba mkwe, "Umesikia?"

Baba amepiga simu duka la tumbaku. Gari limefika, linavuma vizuri. Amejaza mafuta mara mbili wiki hii. Hakulalamika. Aliitaja tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jumatatu, Julai 21

Hakuna barua. Redio imesema mvua za plamu zimekwisha. Jua kali. Tumeanika plamu juu ya nyungo za mianzi.

Jumamosi, Julai 26

Iwao amerudi. Nilimwona anashuka na mkoba, amekonda, nikatoka mbio, nikidhani Kosaku yuko nyuma yake. Hakuwepo mtu nyuma yake.

"Shemeji," Iwao akasema, akavua kofia. "Kosaku hakuandika?"

"Aandike nini?"

Alimtazama Setsuyo. Setsuyo akatazama chini. Tulisimama pale uani kwao, karibu na nguo zilizoanikwa, na Iwao akaniambia.

Wiki ya kwanza tu, mkuu wa kule Akita aliwaambia: mwishoni mwa Julai, atakayekuwa amefikisha matano ni muuzaji, atabaki kaskazini miaka miwili. Asiyefikisha hafai kuuza, atarudishwa kwenye injini. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna barua ya kuacha kazi. Setsuyo aliyasikia ya "kila mtu," na huyo kila mtu hakuwa amefika Akita.

"Mimi nilijaribu kuuza, nikashindwa kufika," Iwao akasema. "Nina bahati ya kutojua kazi. Lakini Kosaku, shemeji... Kule kila asubuhi wasiouza wanasimamishwa juu ya kreti ya bia, mbele ya wote, mtu anataja jina lake na hesabu yake kwa sauti. Wengine walikuwa wananong'ona. Kuna mzee wa kiwanda cha rangi alilia. Kosaku alikuwa anapiga kelele. 'Nosaka! Sifuri!' Vioo vilitetemeka. Mkuu alidhani ana wazimu. Mimi nililala kitanda cha pembeni, nilijua. Alikuwa amechora siku ukutani. Kila sifuri ilimsogeza siku moja karibu na wewe."

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza. Na nilipouliza tu, nikajua. Barua zake namsomea Mama kwa sauti.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa anageuza plamu juani, taratibu, moja moja, akiimba kitu, vibaya.

Jumatatu, Julai 28

Nilikwenda kiwandani kwa Bwana Hamaoka. Nilimwambia kila kitu. Kwamba Kosaku hakuuza hata gari moja. Kwamba muhuri niliupiga mimi. Nilimwomba azifute.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Bibi Nosaka, muhuri ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Basi ni yeye aliyepiga. Nikiandika kwamba si yeye, itabidi niandike kwamba kadi tano za uongo zimeingia Kampuni kwa jina lake. Hapo ndipo atafukuzwa kweli. Wewe unataka niandike lipi?"

Nyuma yake, kupitia kioo, niliiona safu yao ya injini. Nusu ya taa zilikuwa zimezimwa. Mtu mmoja alikuwa anapangusa meza isiyo na kitu.

"Ningependa awe hapa," Bwana Hamaoka akasema. "Hakuna anayesikia kasoro ya injini kama yeye." Akainama, chini sana, kama ile siku ya kwanza. Nilimchukia wakati ule. Leo niliona tu mtu mwenye mgongo unaouma.

Jumanne, Julai 29

Kosaku amekuja, siku mbili, kuchukua nguo za baridi. Mama kampikia wali wa maharagwe mekundu, wa sherehe. Kala bakuli tatu. Mama alimpapasa uso mzima kwa vidole, kisha akamwamuru asome lile gazeti mbele ya baba yake. Akasoma. Kila neno. "Nosaka Kosaku, wa safu ya injini, mfano kwa wenzake." Alisoma kwa sauti tulivu na hakuruka hata mstari.

Jumatano, Julai 30

Tulikwenda wawili kununua fulana nene, kwenye jua hili. Njiani nikasema, "Iwao ameniambia."

"Iwao ana mdomo."

"Nigombeze, Kosaku. Tafadhali."

Alitembea kidogo. "Nikugombeze kwa lipi? Umeuza matano kwa siku saba. Mimi siku thelathini, figili."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha, kisha haikuwa kicheko tena. Alinisimamisha kwenye kivuli cha duka la majembe, akanikinga na watu kwa mgongo wake mpana.

"Tumwambie Mama?" nikauliza.

"Anaimba," akasema. "Umesikia? Tangu baba afe hajaimba."

Hatukumwambia. Hatutamwambia.

Alhamisi, Julai 31

Leo stesheni hakukuwa na bendera wala wimbo, mtu mmoja tu na masanduku mawili. Nilimpa chakula cha njiani. Tulisimama karibu na nguzo, nikauliza jambo nililokuwa nimelibeba siku tano.

"Asubuhi kule. Bado wanakusimamisha kwenye kreti?"

"Bado. Siku hizi wanasimamisha walioshinda pia. Ili wengine waone."

"Na wewe unasema nini?"

"Jina. Na tano."

"Kwa kelele?"

Treni ilikuwa imeingia. Alishika masanduku, akayaweka chini tena, akayashika.

"Hapana," akasema. "Kila siku wananiambia niongeze sauti."